Gari la Porini Linapochemsha: Akiba ya Upozaji na Namna Inavyopotea

Barabara inayotoka Mto wa Mbu kwenda Karatu huanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa mara tu mji unapoisha, na baada ya Karatu mpando unaendelea kupitia lango la Loduare na msitu wake, mpaka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro ulioko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kazi ya njia hiyo imebebwa kwa miaka mingi na magari ambayo kwingineko yangekwisha kustaafu: Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ, na Land Rover Defender zenye injini ya Tdi ya lita 2.5. Mengi yamerefushwa katika karakana za Arusha ili yabebe abiria saba au wanane, paa la kufunguka, friji, magurudumu ya akiba na ngao nzito mbele. Katika mpando wa namna hiyo ndipo geji ya joto inapoanza kusogea, dereva anaegesha kando, na mvuke unatoka chini ya boneti.

Mara nyingi hukumu hutolewa papo hapo barabarani: rejeta, yaani kipozea maji kilicho mbele ya injini, imeziba, au thamostati, vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto, iondolewe. Wakati mwingine hukumu hiyo hupatia. Hata hivyo, wamiliki wengi huishia kununua rejeta, kisha pampu ya maji, kisha kifuniko, kimoja baada ya kingine, huku gari likiendelea kuchemsha mpaka gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, inaungua na gharama kupanda mara kadhaa. Chanzo cha hasara hiyo ni kudhani kwamba lazima kuwe na kifaa kimoja kilichokufa. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na uwezo wa kupoza uliozidi mahitaji yake ya kila siku, na ziada hiyo ndiyo iliyolivusha katika mchanga, mlima na jua kali. Miaka 25 ya kazi huila ziada hiyo kidogo kidogo kutoka pande nyingi kwa pamoja, kila upande ukiwa umepungua kwa kiasi ambacho peke yake kisingeleta tatizo lolote. Kwa hiyo maswali mawili hutangulia mengine yote: akiba hiyo imepotelea wapi, na gari linachemsha wakati gani?

Joto linalotakiwa kuondoka

Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nguvu iliyomo katika dizeli inayochomwa hugeuka kuwa kazi ya kusukuma gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na theluthi inayobaki huingia katika maji ya kupozea, mafuta ya injini na hewa inayoizunguka. Injini ya 1HZ yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, inapopanda mlima ikitoa kilowati 60 za kazi, huyatupia maji joto linalokaribia kiasi hicho hicho, yaani sawa na pasi za umeme zaidi ya 50 zilizowashwa kwa pamoja. Joto hilo lote linatakiwa kupita kutoka chuma kwenda kwenye maji, kutoka maji kwenda kwenye mirija ya rejeta, kutoka mirija kwenda kwenye bati jembamba lililokunjwa katikati yake, na kutoka bati kwenda kwenye hewa. Kila hatua kati ya hizo inaweza kuzorota bila kuziathiri nyingine, na ndiyo maana rejeta mpya haimsaidii mtu ambaye tatizo lake liko ndani ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda.

Muundo wa injini nao una sauti katika jambo hili. 1HZ ni ya zile ambazo mafuta huanza kuwaka katika chumba kidogo kilicho pembeni ya silinda kabla ya moto kutoka kwenda kwenye pistoni. Chumba hicho huongeza eneo la chuma linaloguswa na moto, hivyo sehemu kubwa zaidi ya joto huenda kwenye maji kuliko katika injini za Tdi, ambazo nozeli zake hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Injini za Tdi zina udhaifu wa namna nyingine: bloku yake ni ya chuma cha kusubu, ilhali silinda hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka takribani mara mbili ya chuma kwa ongezeko lile lile la joto. Gasketi iliyo kati ya metali hizo mbili husuguliwa kila injini inapopata joto na kupoa, na joto likipita kiasi hedi hupinda. Kwa sababu hiyo dereva wa Defender hana nafasi ya kubahatisha.

Maji, kifuniko na mwinuko

Kila mtu anajua kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini hiyo ni Tanga au Mombasa. Kila unapopanda mita 300 kiwango hicho hushuka kwa nyuzi 1 hivi, hivyo Arusha maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 95, na kwenye ukingo wa Ngorongoro karibu na nyuzi 92. Thamostati ya kawaida ya injini ya 300Tdi, toleo la Tdi ya Defender ambalo lilianza kufungwa mwaka 1994, huanza kufunguka kwenye nyuzi 88. Tofauti kati ya joto la kazi la injini hiyo na mchemko wa maji yasiyo na shinikizo ukingoni mwa kreta ni nyuzi 4 tu.

Kinachoiokoa ni kifuniko. Kifuniko cha rejeta, au cha kitangi cha akiba katika magari yanayofungwa huko, kina springi inayozuia mvuke mpaka shinikizo lifikie takribani baa 0.9 hadi 1, na shinikizo hilo hukisogeza kiwango cha mchemko juu kwa nyuzi 20 au zaidi. Mpira wa kifuniko ukikauka, au springi ikichoka, nyuzi hizo zote hupotea pamoja na ulinzi wake, na injini ambayo haina tatizo jingine lolote itatapika maji yake mlimani kisha itembee vizuri kabisa ikirudi bondeni. Kifuniko ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu, na kwa maoni yangu ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Kikinunuliwa kipya, namba ya shinikizo iliyoandikwa juu yake ilingane na ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari, kwa maana kifuniko chenye shinikizo kubwa mno huhamishia mzigo kwenye mipira na viungo vya rejeta iliyozeeka. Kina pia vali ndogo ya kurudisha maji injini inapopoa. Ukiona mpira wa juu wa rejeta umenywea na kubonyea asubuhi, vali hiyo imekwama au njia ya kwenda kwenye kitangi imeziba.

Yaliyomo ndani ya mfumo nayo yana uzito mkubwa. Maji ya visima vingi vya kaskazini mwa Tanzania na ya ukanda wa pwani yana madini na chumvi nyingi, na kila lita inayoongezwa huacha kidogo cha madini hayo kwenye kuta za chuma pale penye joto zaidi, yaani kuzunguka silinda na katikati ya vali. Magamba hayo ni yale yale yanayoonekana ndani ya birika. Unene wa milimita 1 huzuia joto kwa kiasi kinachokaribia kile cha chuma cha sentimita 2, nayo geji haitaonyesha kitu, kwa kuwa maji yenyewe yanaweza kuwa na joto la kawaida ilhali chuma kilicho nyuma ya magamba kinaungua. Hedi hupasuka katika hali hiyo huku dereva akiapa kwamba geji haikuwahi kupita katikati.

Kulanti, kimiminika cha kuchanganywa na maji ya kupozea, huchukuliwa na wengi kuwa dawa ya nchi za baridi, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kuzuia maji yasigande. Katika nchi zetu kazi zake mbili nyingine ndizo zenye faida. Kwanza, mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka nyuzi 7 au 8 juu ya maji matupu. Pili, na hili ni kubwa zaidi, dawa zilizomo huzuia kutu ndani ya bloku, kuliwa kwa aluminiamu ya hedi na kuharibika kwa pampu. Dawa hizo huchoka, hivyo mfumo unastahili kumwagwa na kusafishwa kila baada ya miaka miwili hivi, au kama kitabu cha kulanti husika kinavyoelekeza, na huchoka mapema zaidi ikiwa kila upungufu unajazwa kwa maji ya bomba. Kulanti tupu bila maji haifai, kwa kuwa hubeba joto kidogo kuliko maji. Kuchanganya aina mbili tofauti kwa kufuata rangi pekee nako ni hatari, maana baadhi zikikutana hutengeneza uji unaoziba mirija. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyosafishwa, ambayo madukani huuzwa kama maji ya betri, lakini muuzaji aulizwe waziwazi, kwa sababu chupa za asidi ya betri hukaa rafu moja nayo. Yakikosekana, maji safi ya mvua yanafaa kuliko ya kisima.

Rejeta isiyovuja bado inaweza kuwa imekufa

Rejeta za zamani zilitengenezwa kwa shaba na shaba nyeupe, zikaunganishwa kwa risasi, na fundi rejeta hodari anaweza kuzifumua, kupitisha chuma chembamba katika kila mrija na kuzifunga upya. Hiyo ni faida kubwa ambayo rejeta za aluminiamu zenye vitangi vya plastiki hazina. Lakini kila tundu linalozibwa kwa risasi kwa kufunga mrija mzima hupunguza eneo la kupozea, na rejeta iliyozibwa mirija sita au saba kwa miaka mingi bado itaitwa nzima kwa kuwa haivuji. Wapo pia wanaotia unga wa manjano, yai au dawa za kuzibia uvujaji. Katikati ya pori, mahali ambapo hakuna njia nyingine, hilo linaeleweka. Tatizo huja pale gari linapofika mjini na mfumo ukaachwa bila kusafishwa, maana kilichoziba tundu huendelea kuziba mirija myembamba ya rejeta na ya hita.

Upande wa nje huharibika kimya kimya. Bati jembamba lililo kati ya mirija, ambalo ndilo linalokabidhi joto kwa hewa, huachana na mirija kwa sababu ya chumvi, matope na mtikisiko wa barabara zenye mawimbi kama mabati. Ukiligusa kwa kidole likamomonyoka na kuacha unga wa kijani, rejeta hiyo haipozi hata kama maji yanapita bila kizuizi. Rejeta hupimwa injini ikiwa na joto kamili lakini imezimwa, kwa kipimajoto cha kuelekezea, ambacho siku hizi hupatikana kwa bei ya wastani: joto linatakiwa kushuka taratibu kutoka upande maji yanakoingia kwenda upande yanakotokea. Sehemu iliyopoa ghafla katikati ni sehemu ambayo maji hayafiki.

Kisha yapo yale tunayojifungia wenyewe mbele ya rejeta: ngao, taa kubwa za ziada, winchi, vibao vya kampuni, wakati mwingine gurudumu la akiba. Kila kimoja hukata njia ya upepo, na rejeta ya kiyoyozi iliyofungwa mbele ya rejeta ya maji huongeza joto lake juu ya hewa hiyo hiyo. Gari likianza kuchemsha baada ya kufungwa vitu hivyo, jibu liko wazi.

Lini linachemsha

Dereva makini humsaidia fundi kuliko kifaa chochote, kwa kueleza hali iliyokuwapo joto lilipopanda.

Ikiwa gari huchemsha likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, au likitambaa kwenye foleni na njia ya kuangalia wanyama, lakini hupoa mara linapopata kasi, upungufu uko kwenye hewa, na macho yaelekee kwenye feni. Magari haya yana klachi ya feni iliyojazwa mafuta mazito ya silikoni, ambayo hukaza feni hewa inayotoka kwenye rejeta inapopata moto na kuilegeza inapopoa. Mafuta hayo huvuja au huchoka, na feni hubaki ikizunguka kivivu. Zima injini iliyopata joto, kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka mara kadhaa bila upinzani, klachi imechoka. Katika Land Cruiser inawezekana kuifungua na kuijaza mafuta mapya ya silikoni, kazi ambayo mafundi wengi wa magari ya utalii wanaifahamu. Kava linaloizunguka feni lisikosekane pia. Magari mengi hutolewa kava hilo wakati wa matengenezo na lisirudishwe, na feni bila kava huizungusha hewa ile ile iliyo ndani ya boneti badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta.

Ikiwa gari ni salama mjini na porini lakini joto hupanda kwenye lami kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, hewa ipo ya kutosha na upungufu uko kwenye mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba nusu, pampu ambayo mabapa yake yameliwa na kutu, mkanda unaoteleza, au mpira wa chini wa rejeta unaonywea kwa mvuto wa pampu kwa sababu springi ya ndani yake imeoza.

Ikiwa joto hupanda mlimani tu, injini ikifanya kazi kwa nguvu zote, basi akiba imekwisha kwa ujumla, na hapo ndipo sababu nyingi ndogo hukutana. Miongoni mwake kuna moja ambayo haihusiani na maji kabisa: pampu ya dizeli iliyofunguliwa ili imwage dizeli nyingi zaidi na gari liwe na nguvu. 1HZ haina tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada, hivyo kadiri inavyopanda juu ndivyo inavyopata hewa pungufu. Dizeli ikibaki ile ile, injini hutoa moshi mweusi na joto la ziada bila kuongeza kasi. Nozeli zilizochakaa na taimingi iliyokosewa huleta matokeo hayo hayo. Gari linalochemsha huku likitoa moshi mweusi lipelekwe kwa fundi wa pampu kabla ya kwenda kwa fundi rejeta. Breki zinazoshika na matairi yaliyopunguzwa upepo kwa ajili ya mchanga kisha yakasahaulika hivyo hivyo kwenye lami nazo huongeza mzigo.

Ikiwa joto hupanda dakika chache tu baada ya kuwasha, kuna uwezekano wa hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, thamostati iliyokwama, au gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Hewa iliyonaswa ni ya kawaida baada ya matengenezo. 300Tdi ina vizibo viwili vya kutolea hewa, kimoja juu ya rejeta na kingine kwenye nyumba ya thamostati, na anayejaza maji bila kuvifungua huacha hewa ndani. Vizibo hivyo vilikuwa vya plastiki, na ni busara kuvibadilisha kwa vile vya shaba kabla havijapasuka njiani.

Thamostati si adui

Desturi ya kuondoa thamostati imeenea mno kiasi kwamba inafaa kuizungumzia kwa urefu kidogo. Hoja yake huonekana nyepesi: kizuizi kikiondoka maji yatapita kwa wingi, na injini itapoa. Katika injini nyingi thamostati hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, sahani yake ya chini hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye pampu. Ukiiondoa, njia ya mkato hubaki wazi muda wote, na kwa kuwa ni fupi na nyepesi, sehemu kubwa ya maji huipenda hiyo na kuikwepa rejeta. Matokeo yake ni gari linalochelewa kupata joto asubuhi, kisha likachemsha zaidi mlimani.

Hata pale ambapo kuondoa thamostati hakuleti mchemko, injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula dizeli zaidi, huchafua mafuta yake na kuchakaza silinda. Thamostati hupimwa kwa urahisi nyumbani, ikitumbukizwa katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto na kuangaliwa inafunguka kwenye nyuzi ngapi na kwa upana gani. Gharama ya mpya ni ndogo mno ukilinganisha na madhara ya kutokuwa nayo, na ningependa kuona mafundi wetu wakikataa kuiondoa hata mteja anaposisitiza.

Gesi ndani ya maji

Gasketi ya hedi inaweza kuwa matokeo ya kuchemsha au chanzo chake, na kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakofanya injini ifunguliwe mara mbili kwa mwaka. Gasketi inayoanza kuharibika haipeleki maji kwenye mafuta siku ya kwanza. Kwa wiki kadhaa inaweza kuvuja kwa mzigo mkubwa tu: gesi ya silinda huingia kwenye maji mlimani, huyasukuma hadi kwenye kitangi cha akiba na kuyamwaga, kisha injini hurudi kuwa nzuri. Dalili zake ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika chache baada ya kuwasha injini ya baridi, mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, maji kupungua bila kuonekana yanakovuja, na hita kupuliza ubaridi wakati geji iko juu. Vipo vifaa vya kupimia vyenye kimiminika cha buluu kinachobadilika rangi kikikutana na gesi ya moshi, na kipimo hicho hutoa jibu kabla hata bolti moja haijafunguliwa.

Hedi ikishatolewa, kubadilisha gasketi peke yake ni kazi nusu. Ipimwe kama imepinda, ikaguliwe nyufa kwa shinikizo katika karakana yenye mashine, na njia zake za maji ziangaliwe kama zina magamba. Kisha sababu iliyoifanya iungue itafutwe na kutibiwa kabla ya kufunga. Katika 300Tdi, wakati sehemu ya mbele iko wazi, ibadilishwe pia gasketi iliyo kati ya nyumba ya pampu ya maji na bloku, ambayo inafahamika kwa kuvuja polepole na kupunguza maji bila kuacha dimbwi chini.

Nyasi, matope na mito

Mwisho wa masika na mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa ndefu na zimebeba mbegu, magari yanayopita nje ya njia kuu huko Serengeti, Katavi au Nyerere hujaza rejeta kwa mbegu na vumbi ndani ya saa chache. Mbegu hizo hupita katikati ya rejeta ya kiyoyozi na kukusanyika kwenye ile ya maji, mahali ambapo mtu anayechungulia kwa mbele hawezi kuziona. Wavu mwembamba unaofungwa mbele ya ngao na kukung'utwa kila unaposimama huzuia sehemu kubwa, mradi uondolewe unaporudi barabarani. Nyasi zinazonasa chini ya gari karibu na bomba la moshi ni hatari ya moto pia, hivyo ukaguzi wa kila jioni hulinda mambo mawili. Rejeta huoshwa kwa maji yanayotoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa shinikizo la wastani, kwa sababu mashine ya kuoshea magari ikikaribia sana hulaza bati lote na kuifunga njia ya hewa.

Mto nao una kanuni yake. Feni inayokutana na maji mengi kwa kasi hujipinda kuelekea mbele na kuikata rejeta. Kwa maji yanayofikia feni, turubai lifungwe mbele ya gari na mwendo uwe wa polepole usiobadilika, na turubai litolewe mara tu baada ya kuvuka. Matope ya udongo mweusi yaliyobaki kwenye rejeta yaoshwe siku hiyo hiyo, maana yakikauka hushika kama saruji.

Mguu wa dereva

Gia humpa dereva uwezo mkubwa juu ya joto. Katika mpando mrefu, kung'ang'ania gia ya juu huku injini ikizunguka polepole na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho ni njia ya uhakika ya kuchemsha, kwa sababu mzigo ni mkubwa ilhali pampu ya maji na feni, ambazo huendeshwa na injini yenyewe, zinazunguka kivivu. Kushuka gia moja na kuacha injini izunguke mara 2,000 hadi 2,500 kwa dakika huongeza maji na hewa, huku mzigo kwa kila mzunguko ukipungua. Kwenye mchanga na tope, gia ndogo za porini zitumike mapema, kabla ya gari kuanza kuhangaika. Barabara ya Lerai inayotoka ndani ya kreta inafaa kupandwa hivyo, pamoja na kiyoyozi kuzimwa.

Joto likipanda licha ya hayo yote, hatua ya kwanza ni kuzima kiyoyozi, kufungua hita hadi mwisho na kupunguza mzigo. Hita ni rejeta ndogo ya ziada, hata kama abiria watalalamika. Ikiwa maji bado yamo na mkanda uko salama, simama ukielekea upepo na uiache injini izunguke juu kidogo ya sailensa, kwa kuwa kuizima ghafla husimamisha maji wakati chuma kina joto kali. Ikiwa maji yamemwagika au mkanda umekatika, zima mara moja, maana hakuna kinachozunguka. Kifuniko kisiguswe kwa nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uminyike kwa mkono bila shinikizo. Maji yanayotoka hapo huwa yamepita nyuzi 100 na huunguza uso na mikono kwa sekunde moja. Maji baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto wala yasijazwe kwa haraka. Yaongezwe kidogo kidogo injini ikiwa imepoa, vinginevyo hedi hupasuka.

Geji ya kiwandani isiaminiwe peke yake. Geji nyingi hukaa katikati kwa upana mkubwa wa joto, na zinapoanza kusogea muda uliobaki ni mfupi. Tena kihisio chake kinatakiwa kuwa ndani ya maji. Maji yakiisha kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua, jambo linalowapumbaza hata madereva wazoefu. Nyongeza mbili hulifidia pengo hilo: kengele ya kiwango cha maji inayolia maji yanapopungua kwenye rejeta au kitangi, na kihisio kinachofungwa kwa bolti juu ya chuma cha hedi chenyewe, ambacho husoma joto hata pasipo maji na kuonyesha namba kamili kwenye dashibodi.

Namba hizo zikiandikwa, thamani yake huongezeka. Mwenye gari achague mpando mmoja anaoupita mara kwa mara, auendeshe kwa gia ile ile na mzigo unaofanana, na kuandika joto la juu kabisa lililofikiwa, saa na hali ya hewa, hasa mara baada ya matengenezo wakati kila kitu kinajulikana kuwa kizima. Miezi kadhaa baadaye, mpando ule ule ukitoa nyuzi 5 au 6 zaidi katika hali ya hewa ile ile, kuna kitu kimepungua, na gari lirudi gereji siku hiyo likiwa bado linatembea lenyewe: kuanzia kwenye kifuniko, kisha klachi ya feni, kisha rejeta upande wa nje, kisha rejeta upande wa ndani, na hedi iwe ya mwisho.